Namna ya Kuongoza Mjadala wa Riwaya ya Mr. Penumbra's 24-Hour Bookstore

Riwaya hii ya Robin Sloan, iliyotoka mwaka 2012, ni nyepesi kusomeka, kwa hiyo ukianza kwa kuuliza nani ameipenda, mazungumzo yatakwisha upesi. Anza na duka lenyewe la San Francisco: rafu ndefu zinazopandwa kwa ngazi, na wateja wachache wanaoazima vitabu vya maandishi ya siri. Kisha waulize wanachama wa kikundi chenu cha usomaji kwa nini kompyuta za Google zinashindwa kulifumbua fumbo kuu. Hapo wapenzi wa karatasi na wapenzi wa teknolojia hupata hoja za kushindana, nami ningewaachia muda mrefu. Wakumbushe pia kwamba Aldus Manutius, ambaye fumbo hilo linamhusu, alikuwa mpiga chapa halisi wa Venice, aliyefariki mwaka 1515. Ambaye hajamaliza kitabu aarifiwe mapema kwamba mwisho wake utatajwa.