Njia ya mchumi Tanzania: Benki Kuu, wizarani au chuoni

Kazi ya uchumi huanza kutafutwa mwaka wa kwanza, si baada ya mahafali. Vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza kwa anayeanza ualimu wa chuo, na 4.0 katika uzamili. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 3.2, miaka miwili iliyobaki inakudai wastani wa 4.1. Linaloangusha wengi ni hisabati, hasa waliosoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) sekondari. Rudia kalkulasi na matriki likizo ya kwanza, kabla hujakutana na ikonometriki, yaani hisabati na takwimu za kupima mambo ya uchumi.

Anayelenga Benki Kuu aanze na mfumuko wa bei. Pakua fahirisi ya bei ya kila mwezi kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, igawe ya mwezi huu kwa ya mwezi kama huo mwaka jana, toa 1, zidisha kwa 100. Balaa huja mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei zake huhesabiwa kuwa 100, unapobadilishwa. Tuseme mwezi mmoja una 125 kwa kizio cha zamani na 100 kwa kipya: zidisha mfululizo wote wa zamani kwa 0.8 ndipo uunganishe. Ukisahau, bei zitaonekana zimeshuka asilimia 20 kwa mwezi, jambo ambalo sokoni hakuna aliyeliona. Kisha linganisha na Riba ya Benki Kuu, iliyoanza Januari 2024 kwa asilimia 5.5, huku lengo la mfumuko likiwa asilimia 3 hadi 5. Angalia daftari lako: kama linaishia kwenye ujazi wa fedha (kiasi cha fedha kilichomo kwenye uchumi), ni la mfumo uliotumika kabla ya riba hiyo.

Matokeo yaandike ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza iseme kilichotokea, ya pili sababu: chakula, mafuta, au tarakimu ndogo ya mwaka jana inayokuza ya mwaka huu. Mbinu ziende kiambatishoni. Wahitimu wengi hufanya kinyume, na mkubwa wao hafikii mstari wenye jibu.

Serikalini nafasi ya kuanzia ni Mchumi Daraja la II, huombwa kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya ajira serikalini, na usaili huwa wa kuandika kisha wa mahojiano. Majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na vya shule huchuja watu mapema, yarekebishe sasa. Ukishaajiriwa, kalenda ndiyo bosi: mwaka wa fedha huanza Julai 1, na uchambuzi wa mradi ukifika baada ya ukomo wa bajeti kupangwa, haumsaidii mtu hata ukiwa mzuri kiasi gani.

Kuhama kunawezekana. Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza mtandao wa utafiti wa uchumi wa AERC jijini Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana 2008 hadi 2018. Kutoka wizarani kwenda chuoni ni kugumu zaidi, kwa kuwa ripoti za ndani hazihesabiwi kama machapisho. Ukiwa wizarani, andika walau makala moja ya jarida kila baada ya miaka miwili, kwa takwimu zilizo wazi kwa umma.