Ukipanga usafiri wa mji, hesabu watu kwanza

Ukitaka kupanga usafiri wa mji utakaodumu na usiochafua hewa, usianze na swali la "tupunguzeje foleni", maana jibu lake huwa lilelile, tupanue barabara, na ukipanua magari yanajaa tena. Houston kule Marekani walimaliza kupanua barabara kuu ya Katy Freeway mwaka 2008, kuna sehemu inafika njia 26 ukijumlisha na zile za pembeni, na baada ya miaka michache muda wa safari asubuhi na jioni ukapanda tena. Anza na watu: wanatoka wapi, wanaenda wapi, saa ngapi.

Hesabu hiyo fanya mwenyewe. Simama kwenye makutano asubuhi, mwenzako akae upande wa pili, mkiwa na karatasi na kalamu, andikeni idadi ya watu waliomo kwenye kila chombo, wanaotembea, wa baiskeli, wenye kiti cha magurudumu. Utaona basi lenye watu sitini limekwama nyuma ya magari kumi yenye mtu mmoja mmoja, na ukishaliona hilo kwenye karatasi yako hakuna tena haja ya mabishano marefu. Angalia pia wanavukia wapi, kama kila mtu anakatiza pale pasipo na zebra usiwaite wakaidi, hapo ndo zebra inapotakiwa. Halafu rudi mchana. Kuna wanaopeleka mtoto kliniki, wakapita sokoni, wakamchukua mwingine shuleni, na mipango mingi inawasahau kabisa kwa sababu inaangalia wanaoenda kazini tu.

Sasa gawa barabara upya. Njia moja yenye upana wa kama mita 3 ikiwa ya magari binafsi inapitisha watu kati ya 600 na 1,600 hivi kwa saa, ukiyapa mabasi yanayofuatana kwa karibu inafika 4,000 mpaka 8,000. Ndo maana Curitiba, Brazil, walianza na njia za mabasi mwaka 1974, na Bogotá, Colombia, wakazindua TransMilenio, mabasi ya mwendokasi yenye njia zake, Desemba 2000, hawakukaa kusubiri hela za treni ya chini ya ardhi. Ila kuchora mstari wa rangi pekee hakusaidii, gari moja likipaki pale njia nzima imekufa, kwa hiyo weka ukingo au kamera na taa za makutano ziruhusu basi lipite kwanza.

Basi nalo lipite kila dakika 10 au chini ya hapo ili mtu asihitaji kukariri ratiba, na tiketi iwe moja hata akibadilisha basi.

Njia za miguu usiziache ziwe za mwisho kwenye bajeti, jamani, kila abiria anatembea kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Zikarabati kwanza zile zilizo ndani ya mita 500 kutoka kituoni, weka taa na kivuli, na mitaa ya makazi mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa.

Kuhusu kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, fuata mfano wa Stockholm, Sweden. Waliongeza mabasi kwanza, wakafanya majaribio Januari mpaka Julai 2006, magari yakapungua kwa kama asilimia 20, wananchi wakapiga kura wakiwa wameshaona matokeo kwa macho yao, na tozo ikawa ya kudumu 2007. Ukitoza kabla mtu hajapata njia nyingine ya kusafiri unamwonea tu.

Na kabla hujasaini kununua mabasi, andika kabisa nani atalipa madereva, vipuri na usafi kila mwaka, maana hela ya kununua huwa inapatikana, hii ya kuendesha ndo inayokwamisha miradi mizuri.