Namna ya kuwatahadharisha majirani kuhusu matapeli wa kituo cha treni

Kwa wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia treni ya mjini, iliyoanza mwaka 2012, onyo kwa majirani huwa na manufaa linapoeleza mbinu badala ya sura ya mtu. Andika ulichokiona mwenyewe: saa, mahali na maneno yaliyotumika. Kwa mfano, "jana jioni, karibu na dirisha la tiketi, kijana aliomba simu akidai yake imezima, kisha akaulizia namba ya siri" ni taarifa inayomsaidia abiria kujihadhari, ilhali "kuna matapeli kituoni, kuweni macho" haimwelezi lolote.

Usisambaze picha wala kutaja kabila la unayemshuku. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa makusudi, lakini hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kelele ya "mwizi!" kwenye umati, kwa kuwa watu wamewahi kuuawa kabla ya yeyote kuuliza walichofanya.

Mpe taarifa kwanza mlinzi wa kituo au polisi, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye tangazo lake huaminika kuliko ujumbe uliosambazwa mara nyingi bila mwandishi kujulikana. Ujumbe wa kitapeli wa "tuma kwenye namba hii", unaokutaka utume pesa, upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ikibainika kwamba uliyemshuku hana kosa, sahihisha palepale ulipotoa onyo.