Bia ya kopo imepima graviti ya chini? Usikimbilie sukari

Lalamiko la wanaopika bia nyumbani kwa kopo la shira ya kimea (sukari nzito ya nafaka iliyooteshwa) ni lile lile: karatasi ya kopo imeandika graviti 1.048, yaani uzito wa maji ya bia ukilinganisha na maji matupu, unaoonyesha sukari iliyomo; haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, inasoma 1.036, na mtu tayari kashika mfuko wa sukari. Weka chini kwanza. Anayepika kwa nafaka anaweza kukosa graviti kwa sababu wanga haukugeuka wote kuwa sukari. Wewe unayetumia shira ya kimea, au kimea cha unga, kazi hiyo umefanyiwa kiwandani. Sukari imo koponi, na ukiimimina yote haina pa kupotelea. Kwa hiyo tunatafuta mambo mawili tu: kipimo kinachodanganya, au maji yaliyozidi.

Hatua ya 1: Koroga upya

Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Sufuria zetu za jikoni ni ndogo, tunachemsha lita 8 au 10, halafu tunajazia maji baridi ndooni hadi lita 20 au 23. Maji ya kimea ni mazito, yanazama. Ya bomba yanabaki juu, sawasawa na chai ambayo sukari yake imelala chini ya kikombe. Ukichota juu unasoma chini mno, ukifungua koki unasoma juu mno, na bia ni ile ile moja.

Kuzungusha mwiko mara tatu hakusaidii. Chukua mwiko mrefu uliotiwa dawa ya kuua vijidudu, fika sakafuni mwa ndoo, nyanyua ya chini yaje juu, dakika tano nzima hadi povu litande. Maji yakiwa yameshapoa, hewa inayoingia ni faida kwa hamira. Ukipima kupitia koki, mwaga kwanza kile kilichotuama ndani yake.

Hatua ya 2: Ihoji haidromita

Itumbukize kwenye maji matupu ya nyuzi 20. Inatakiwa isome 1.000, ikisoma 0.998, basi kila siku ongeza pointi 2 (pointi 1 ni 0.001). (Nyingine zimetengenezwa kwa nyuzi 15.5, soma kikaratasi kilichomo ndani ya kioo.) Maji ya kimea yakiwa na nyuzi 40, kipimo kinashuka kwa pointi 6 hivi, kwa hiyo yapoze.

Izungushe kwa vidole viwili viputo viachie kioo, ingoje itulie, inama jicho liwe usawa wa maji. Utaona maji yamepanda kidogo kuuzunguka mrija. Usisome pale yalipopanda. Soma usawa wa uso wenyewe.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Kilo 1 ya kimea cha unga kwenye lita 1 hutoa pointi 370 hivi. Shira 300, sukari 385. Zidisha kwa kilo, gawanya kwa lita. Kopo la kilo 1.7 pamoja na sukari kilo 1 ni 510 + 385, yaani 895. Kwa lita 23 unapata 1.039. Ukijaza hadi 25 bila kujua, ni 1.036. Mistari ya ndoo za bei rahisi mimi siiamini: pima kwa jagi, uchore yako. Na kopo lisuuze kwa maji ya moto, maana gramu 100 zilizoganda humo ni zaidi ya pointi 1.

Hatua ya 4: Rekebisha, ikibidi

Pungufu ya pointi 3 au 4 iache, hutaionja. Ikizidi hapo, kupandisha lita 20 kwa pointi 5 kunahitaji gramu 270 za kimea cha unga. Kiyeyushe kwenye maji kidogo, chemsha dakika 10, poza, mimina, koroga.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, hamira nilishaweka jana na povu limejaa. Nifungue nikoroge?
Jibu: Usifunguefungue. Gesi ya hamira inakoroga yenyewe, na hewa ukiingiza sasa unaiharibu bia. Kwa kukadiria kilevi, tumia namba ya hesabu, si ile uliyosoma.

Swali: Kopo kilo 1.7, lita 23, nimekoroga mpaka mkono unauma, bado 1.022!
Jibu: Haidromita yako haina kosa. 510 gawanya kwa 23 ni 22. Ile kilo ya sukari iliyoandikwa kwenye maelekezo uliiweka? Kama hukuweka, mimi ningeweka kilo 1 ya kimea cha unga, utafika 1.038, na bia haitakuwa nyepesi kama ya sukari.

Swali: Niko Dar, chumbani ni nyuzi 30. Nasomaje?
Jibu: Kwa haidromita ya nyuzi 20, ongeza pointi 2 na nusu. Ila kaka, graviti isikunyime usingizi; hamira nyingi za bia kwa joto hilo zinatoa ladha kali. Weka ndoo kwenye beseni la maji, uifunge kitambaa kilicholowa.

Swali: Maelekezo yalitaka kilo 3 za unga, mimi nimeweka kilo 3 za shira, lita 20. Kuna tofauti?
Jibu: Ipo, dada. Ya unga ingekuwa 1.055, yako ni 1.045, kwa sababu shira ina maji ndani yake. Penye kilo 1 ya unga weka shira kilo 1.2.