Namna ya kumdai muuzaji atengeneze gari la mtumba lenye hitilafu: mwongozo kwa wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakishaingia kwenye akaunti za wakulima, magari mengi ya mtumba huteremshwa kutoka yadi za Dar es Salaam kwa barabara ya Kibiti na Lindi, na baadhi yake hufika Mtwara, Masasi au Newala yakiwa na hitilafu ambazo muuzaji alizijua au alipaswa kuzijua. Mnunuzi akisikia mlio wa ajabu au akiona gia inachelewa kushika, huwa anakimbilia kwa fundi wa karibu na kumwambia alifungue gari. Ninakuomba usifanye hivyo kabla muuzaji hajaarifiwa kwa maandishi.

Ninasema haya kwa sababu sisi tulikosea hapo hapo. Siku ya nne tangu tulinunue gari la familia, giaboksi ilianza kuteleza kila tulipopanda mlima, nasi tukamwita fundi aliyemwaga mafuta yote ya giaboksi na kuweka mengine. Tulipompigia muuzaji simu, alijibu kwa upole kabisa kwamba gari aliloliuza lilikuwa zima, na kwamba sasa limeshaguswa na mikono mingine. Hatukuwa na video, hatukuwa na yale mafuta ya zamani, na hatukuwa na la kumjibu. Giaboksi tuliinunua kwa fedha zetu.

Kwa hiyo, siku utakapoigundua hitilafu, liegeshe gari na uanze kukusanya ushahidi. Piga video injini ikiwa ya baridi na tena ikiwa imepata moto, ukionyesha namba ya gari, kilomita zilizosomeka na taa zilizowaka kwenye dashibodi, na uache mlio usikike bila kuzungumza juu yake. Kisha mwite fundi mwenye mashine ya kupima kwa kompyuta, akague bila kufungua kitu, aandike alichokiona na namba za hitilafu zilizoonyeshwa na mashine, aweke tarehe, jina na saini yake. Mwombe aandike alichokiona tu. Fundi anayeandika kwamba "muuzaji ni tapeli" anaiharibu karatasi yake mwenyewe. Siku hiyo hiyo mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi, hata kama mmekwisha kuzungumza kwa simu, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kupokelewa kama ushahidi mahakamani, ilhali mazungumzo ya simu ambayo hayakurekodiwa hubaki neno lako dhidi ya neno lake.

Watu wengi hudhani kwamba mnunuzi asiyepewa karatasi ya dhamana hana haki yoyote. Hilo si kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika kibiashara, na ikiwa ulimweleza kazi utakayokifanyia huku ukitegemea ujuzi wake, kiifae kazi hiyo. Ukimwambia mwenye yadi kwamba unatafuta gari la kubebea mizigo kutoka Newala hadi Mtwara mjini, maneno hayo yana uzito, na ndiyo maana ninashauri uyaandike kwenye ujumbe kabla ya kulipa. Lakini haki hiyo ina mipaka ambayo ni lazima uijue kabla ya kuidai. Ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua, kama vile tairi lililokwisha au kioo kilichopasuka. Mkataba ukisema kwamba gari linauzwa kama lilivyo, muuzaji anaweza kuyatumia maneno hayo kama kinga, ingawa kinga hiyo haimsaidii ikiwa alikudanganya waziwazi, kwa mfano kwa kurudisha nyuma kilomita. Mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani hawajibiki kwa kiwango sawa na mfanyabiashara. Tena ukiendelea kulitumia gari kwa muda mrefu bila kulalamika, sheria inakuhesabu kuwa umelikubali. Hapo unaweza kudai fidia, lakini nafasi ya kulirudisha imekwisha.

Ujumbe wa kwanza usipojibiwa ndani ya siku mbili au tatu, andika barua. Iwe fupi, isiwe na matusi, na itaje siku ya ununuzi, namba ya chesisi, kiasi ulicholipa, hitilafu yenyewe na siku ilipoonekana. Kisha useme unachokitaka kwa sentensi moja isiyoyumba: "Ninakuomba utengeneze giaboksi ya gari hili kwa gharama zako ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii, usipofanya hivyo nitalitengeneza mwenyewe na kukudai gharama hizo mahakamani." Ambatisha ripoti ya fundi na nakala ya risiti. Itume kwa njia inayokupa uthibitisho wa kupokelewa.

Kwa sisi wa kusini, ugumu mkubwa ni umbali. Muuzaji atasema, "Lete gari tulione," akijua kwamba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 na kwamba gari lenye giaboksi mbovu halifiki. Usikatae tu, mpe njia nyingine. Mwambie achague mwenyewe gereji anayoiamini Mtwara au Lindi, ailipe moja kwa moja, au atume spea kwa basi huku mkiwa mmeandikiana ni nani atakayelipa ufundi. Wauzaji wengi hukubali hilo kwa sababu linawagharimu kidogo kuliko kulibeba gari. Akisisitiza kwamba liende Dar es Salaam, mtake akubali kwa maandishi kulipia gharama ya kulibeba kabla halijaondoka uani kwako. Na kwa anayejiandaa kununua, hakikisha mkataba unataja kuwa gari litakabidhiwa Mtwara au Lindi: kesi hufunguliwa pale chanzo cha madai kilipotokea au pale anapoishi mdaiwa, na sentensi hiyo moja inaweza kukuokoa na safari nyingi.

Siku zikipita bila jibu, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulika pia na wafanyabiashara wanaowapotosha walaji. Madai ya fedha yanayotokana na mkataba na yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako utajieleza kwa Kiswahili. Kama barua na fomu zinakutisha, watafute wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Muuzaji akikubali kutengeneza, usisaini kwamba umeridhika siku gari linapotoka gereji. Omba uoneshwe kifaa cha zamani kilichoondolewa, na uandikiwe kilichobadilishwa, kama ni kipya au cha mtumba. Kisha liendeshe likiwa na mzigo, ikiwezekana kwenye ule mlima wa kupanda Newala, kwa kuwa giaboksi inayoteleza huweza kujificha kwenye tambarare ya Mikindani. Likishika gia bila kusita hadi juu, saini karatasi na uandike kilomita za siku hiyo. Likisita, liegeshe tena na upige video.