Kutengeneza elektroskopu ya chupa ya jemu ukiwa Lamu

Haya yakhe, watu wakisikia habari za mionzi wanadhani ni mashine za mamilioni, kumbe mwanzo wake kazi kubwa ilifanywa na vitu kama elektroskopu, chombo cha kuonyesha chaji (umeme uliotulia kwenye kitu), nayo ni chupa yenye majani mawili membamba ya dhahabu ndani. Hiyo waweza kuiunda nyumbani leo leo, dhahabu tunaweka foili.

Tafuta chupa ya jemu, waya mnene wa shaba kama sentimita 15, foili ya jikoni, mshumaa na kipande cha paipu ya PVC. Kifuniko ni bati na waya usiguse bati hata kidogo, kwa hivyo toboa tundu kubwa, pitisha waya katikati kisha jaza nta ya mshumaa, nta haipitishi umeme. Nlijaribu kuzibia kipande cha mti, chaji yote ikapotea kabla sijahesabu tatu. Chini pinda waya kama ndoana, tundika vipande viwili vya foili vya sentimita 4 vikiangaliana, juu ya waya finyanga foili iwe gololi. Sasa sugua paipu kwa nguo ya sufi, ipitishe juu ya gololi ikiigusa, majani yataachana.

Usifurahie kuachana, shika saa uangalie yanachukua muda gani kurudi, maana kipimo ndo hicho: mionzi huifanya hewa ipitishe umeme, chaji ikatoroka na majani yakarudi upesi. Mwanasayansi Becquerel kule Paris mwisho wa Februari 1896 alikosa jua akaweka chumvi ya urani (metali yenye kutoa mionzi) na sahani ya picha kwenye droo, tarehe 1 Machi akaisafisha akakuta imepata alama bila jua, kwa mionzi ya urani. Lakini picha yakwambia mionzi ipo au haipo basi, vifaa vya umeme ndo vinatoa namba. Mwanasayansi Marie Curie kwa kupima hivo, na chombo chake kilikuwa makini kushinda hiki chetu, akaona mawe fulani ya urani yana nguvu kuliko urani yenyewe, kumbe mna kitu chengine ndani, na mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza elementi mpya, poloniamu mwezi Julai na rediamu Desemba.

Mtego wa huku kwetu ni unyevu. Wakati wa kusi chumvi na maji vinashika kwenye nta, chaji inatoroka, mie siku ya kwanza nlidhani nimegundua mionzi baraza nzima! Kausha chupa karibu na jiko la makaa (nta isiyeyuke), fanya mchana jua kali, pima mara tatu bila kitu chochote karibu uandike.

Halafu washa kiberiti ukisogeze karibu na gololi bila kugusa. Majani yanaanguka papo hapo, moto umeifanya hewa ipitishe umeme. Urani inafanya hivohivo bila moto, na ndo maana urani hatuihitaji hapa. Na usiende kuvunjavunja kile kitambaa cha karabai ya zamani ya wavuvi, vingi vilitiwa thoriamu, nayo yatoa mionzi, vumbi lake si la kuvuta.

Hata majani ya vyombo vizuri yalikuwa yakishuka yenyewe polepole, hadi mwanasayansi Victor Hess akapanda navyo kwa puto mwaka 1912 kupita mita 5,000 akakuta huko juu hewa inapitisha umeme zaidi, mionzi yatoka angani. Majani yako yakishuka yenyewe lakini, kausha tena nta.