Kidole Kikigoma Kusomeka kwenye Mashine

Kidole kikigusa kioo, taa ya ndani humulika na kamera ndogo hunasa mistari ya ngozi, kwa kawaida nukta 500 kwa inchi. Programu hutafuta mahali mstari unapokatika au kugawanyika kama njia panda, na kuhifadhi maeneo hayo kwa tarakimu.

Kwa wakala wa laini za simu Tanzania, ambako usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, kazi ni nyepesi: mteja hutaja namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, kidole kikalinganishwa na rekodi hiyo moja. Daftari la wapiga kura ni shughuli nyingine, maana kila kidole hupambanishwa na vyote ili kumnasa aliyejiandikisha mara mbili.

Kazi ya mashine ya mahudhurio kazini huharibika zaidi siku ya kusajili. Karani ana haraka, mtu anagusa kwa ncha ya kidole, mashine inapokea. Kesho yake anaweka tumbo la kidole, inamkataa.

Sajili hivi: futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, mafuta ya aliyetangulia huacha kivuli cha alama zake. Uchafu ulioganda ung'oe kwa selotepu, usimwagie maji. Mashine isielekee jua, mwanga mkali huipofusha kamera. Laza kidole bapa, katikati ya kioo, bila kukandamiza. Ukikandamiza mistari hushikana. Chukua alama mara tatu. Sajili kidole gumba na cha shahada cha kila mkono, ili siku kimoja kikikatwa na kisu kingine kifanye kazi. Kidole cha mwisho kiache, ni chembamba mno.

Kidole kikavu huonyesha mistari iliyokatikakatika: mwambie akisugue kwenye paji la uso, mafuta kidogo yatosha. Chenye jasho kikaushwe. Piko na hina nzito kwenye ncha za vidole husumbua mashine za mwanga. Bibi harusi na asajiliwe rangi ikishafifia.

Fundi mwashi aliyeliwa ngozi na saruji, au mbanguaji korosho aliyeunguzwa na mafuta ya maganda, huenda asisomeke kabisa. Mpe kadi au namba ya siri. Usishushe kiwango cha ulinganishaji, yaani kiasi cha kufanana ambacho mashine hudai, kwa ajili yake: ukishakishusha, mashine itaanza kumpitisha hata mwenzake kwa jina lake.